Tajiri Akituzwa, Hamali Naye Aulizwe

Chuo cha Biashara cha Harvard, kilicho kando ya mto Charles mjini Boston, Marekani, kina ada moja ambayo kimeishika tangu mwaka 1968. Kila mwaka hutazama wale waliopata kusoma pale, wakatoka, wakaenda zao ulimwenguni na kufaulu. Kisha huwachagua wachache kati yao na kuwapa tuzo iliyo kubwa kuliko zote kilizonazo. Huitwa wakuu wa makampuni, wenye mabenki, waasisi wa viwanda, na baadhi ya waliotumikia umma. Vyuo vingine vya biashara, vya huko na vya kwingineko, vina ada ya namna hiyohiyo, na hapa kwetu Kenya nako vyuo vikuu vina vyama vya wanafunzi wa zamani, na karamu zao, na hotuba zao.

Huenda msomaji wa Kibokoni au wa Mkomani akauliza: ya Boston yatuhusuni? Yatuhusu, kwani kila mji hutuza watu wake, ama kwa kusudi ama bila ya kujua. Kijana wa Mombasa aketiye barazani jioni ameshajua ni nani anayeheshimiwa mjini. Amemwona akipishwa njia. Amemwona akivutiwa kiti cha mbele harusini, na amesikia jina lake likitajwa kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemwandikia hati mtu huyo, lakini ametuzwa. Na mara nyingine mali ya huyo aliyetuzwa imetoka katika unga, huu unga uliowamaliza watoto wa watu katika mitaa yetu. Kila mtu ajua, na kiti cha mbele akapewa vilevile. Basi kutuza twatuza kila siku. Lililobaki ni kuuliza ni nani apimaye, na kwa mizani gani.

Tuanze na maneno, kwani sisi watu wa pwani maneno ndiyo urithi pekee tuliougawana bila ya kufikishana kwa kadhi. Leo mtu akisikia "chuo" huona majumba ya ghorofa na kumbi za mihadhara. Kwa wazee wetu chuo kilikuwa ni kitabu, na kwenda chuoni kulikuwa ni kwenda kwa mwalimu, ukakaa juu ya jamvi na juzuu mkononi. Nami nilianza huko, kabla ya kulijua dawati. Mtoto akimaliza Kurani ilisemwa amehitimu, na neno hilo asili yake ni la Kiarabu, lenye maana ya kumaliza na kutia muhuri. Leo magazeti humwita mhitimu kila mwenye shahada ya uhasibu. Na hitima, ile tuisomayo kwa ajili ya aliyefariki, ni ndugu wa tumbo moja na neno hilohilo. Nitairudia hitima baadaye. Kwa sasa msomaji aiweke akilini.

Huko chuoni heshima ilikuwa na njia yake, nayo ilipanda juu. Mwalimu alipompa mwanafunzi ijaza ya kusomesha, alitaja jina la aliyemsomesha yeye, na la aliyemsomesha huyo, hadi silsila ikafika mbali. Nenda Lamu Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, msikiti alioasisi Habib Swaleh. Utawaona masheikh wenye ndevu nyeupe, wengine wana madrasa zao na mamia ya wanafunzi Tanzania, Uganda na kwingineko, wamepanda mabasi na mashua kurudi pale waliposoma. Warudi kuzuru kaburi la Habib na kubusu mikono ya walimu waliosalia. Hakuna anayesimamishwa pale akaambiwa, "Wewe ndiwe uliyefanikiwa kuwapita wenzio." Aliyefanikiwa na asiyefanikiwa hukaa mkeka mmoja, na pilau yao ni sinia moja.

Harvard mambo yako kinyume: heshima yashuka. Chuo ndicho kimtuzacho mwanafunzi wake wa zamani. Kwa nini? Tusijifanye hatujui. Chuo kile, tangu kilipofunguliwa mwaka 1908, kimejengwa kwa mikono ya wenye mali. Mwaka 1924 tajiri mmoja wa benki kutoka New York, George F. Baker, alikipa dola 5,000,000 za kujengea, na maktaba yake kubwa yabeba jina la Baker mpaka leo. Naye hakupata kusoma hapo hata siku moja. Mwaka 2015 John Paulson, aliyehitimu hapo mwaka 1980 na kutajirika kwa kununua na kuuza dhamana, aliipa Harvard dola 400,000,000 kwa ajili ya skuli yake ya uhandisi, na skuli ikaitwa kwa jina lake. Mkono mtupu haulambwi. Anayemkumbuka mwanawe aliyetajirika aweza kuwa na matumaini ya kukumbukwa naye.

Sisemi hivi kwa kuwabeza. Al-Azhar ya Misri imeishi karne kwa karne kwa wakfu wa wenye nacho, na misikiti yetu mingi ina duka hapa na shamba la minazi kule lililoachwa na mtu ambaye hatumjui ila kwa jina. Elimu haili hewa. Ila mwenye wakfu hutoa, kisha ataka dua. Mara chache sana ataka ukumbi na vipaza sauti.

Na si kila anayetuzwa na Harvard ni tajiri wa kujisifu. Mwangalie Ratan Tata wa India, aliyefariki Oktoba 2024. Mwaka 1975 alisoma pale kozi fupi ya wakuu wa makampuni. Mwaka 1991 akashika uongozi wa makampuni ya Tata. Mwaka 1995 chuo kikampa tuzo yake. Miaka 15 baadaye, mwaka 2010, makampuni yake na taasisi zake za hisani vikakipa chuo dola 50,000,000 za kujengea jumba. Jina la Tata si geni kwetu: malori yake yamo barabarani kila siku, na magadi yanayochimbwa katika ziwa Magadi na kuletwa kwa reli hadi bandari ya Mombasa ni ya kampuni ya Tata. Sasa hili ndilo la kulizingatia. Hisa za kampuni mama ya Tata, kiasi cha asilimia 66, haziko mikononi mwa mtu wala watoto wake. Ziko chini ya taasisi za hisani zilizoanzishwa na ukoo huo, na faida yake hupelekwa katika hospitali, vyuo na masomo ya maskini. Nikimweleza hayo mzee yeyote wa Mji wa Kale atanikata kauli aseme, "Huo ni wakfu." Naye hatakuwa mbali na ukweli. Na hoteli yake ya Taj, Bombay, iliposhambuliwa Novemba 2008 na watu wakauawa, jamaa za wafanyakazi waliokufa waliangaliwa. Mtu kama huyo akituzwa, nani atanuna?

Lakini hata yeye hesabu yake ilikuwa bado iko wazi alipotuzwa. Zaidi ya miaka 10 baada ya tuzo ile, Tata alitaka kutengeneza gari la bei nafuu, la rupia 100,000, ili mtu wa chini naye aache kubeba mke na watoto juu ya pikipiki. Nia njema. Kiwanda kikapangwa kujengwa Singur, katika jimbo la West Bengal, na mwaka 2006 serikali ya jimbo ikatwaa karibu ekari 1,000 za wakulima kwa ajili hiyo. Wengine walikubali fidia, wengine walikataa katakata. Kukawa na maandamano na mapambano, mpaka Oktoba 2008 Tata akakihamishia kiwanda Gujarat. Mwaka 2016 Mahakama Kuu kabisa ya India ikahukumu kwamba ardhi ilitwaliwa kinyume cha sheria, irudishwe kwa wenyewe. Wakulima wale hawakuulizwa neno na kamati yoyote ya tuzo. Wangeulizwa vipi, na tuzo imeshatolewa zamani?

Kwetu, kwenye taarabu, mwimbaji hutuzwa akiimba, watu wanamsikia kwa masikio yao. Hatuzwi kwa kusifiwa na watu wa mji mwingine.

Kutoka mlango uleule wa Harvard wametoka na wengine, ambao siku hizi chuo hakiwataji karamuni. Jeffrey Skilling alihitimu mwaka 1979, akiwa miongoni mwa walio bora wa darasa lake. Alipanda hadi kuwa mkuu wa Enron, kampuni ya nishati ya Houston iliyosifiwa na wenye magazeti, na ikafundishwa madarasani kuwa ndiyo mfano wa biashara ya karne mpya. Desemba 2001 Enron ikafilisika. Ilionekana kwamba faida iliyokuwa ikitangazwa ilikuwa imepambwa kwenye vitabu, na madeni yamefichwa katika makampuni ya pembeni. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wao akiba yao ya uzeeni ilikuwa hisa za Enron hiyohiyo, ikageuka makaratasi. Skilling alihukumiwa mwaka 2006 kifungo cha zaidi ya miaka 24, kikapunguzwa baadaye kuwa 14, akatoka mwaka 2019. Rajat Gupta, aliyehitimu mwaka 1973, alipata kuiongoza McKinsey, kampuni ya washauri ambayo wakuu wa dunia huipigia hodi. Mwaka 2012 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa kuitoa nje siri ya baraza la wakurugenzi la benki ya Goldman Sachs, rafiki yake akaitumia kufanyia biashara ya hisa. Naye alifungwa.

Nimewataja si kwa sababu chuo kiliwafunza wizi. Mwalimu haulizwi dhambi za mwanafunzi, na hata chuoni kwetu, palipofundishwa halali na haramu kila asubuhi, walitoka watu wa kila namna. Nimewataja kwa sababu, kama ungechukua kipimo cha kawaida cha tuzo mwaka 2000, ukapima cheo, mshahara, ukubwa wa kampuni na sifa za magazeti, wote wawili wangepita wakiwa wameinua vichwa. Kipimo chenyewe hakina jicho la kuwaona.

Wanafunzi wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2009, baada ya mabenki ya Marekani kuporomoka na kuiangusha nusu ya dunia, baadhi ya waliokuwa wakihitimu Harvard waliandika kiapo, wakaapa kufanya biashara kwa uaminifu na kutotanguliza tamaa zao mbele ya maslahi ya jamii. Wenzao wengi wakatia sahihi. Nawapongeza. Ila kiapo ni neno la mtu juu ya nafsi yake, na katika sheria tuliyosomeshwa, neno la mtu juu ya nafsi yake halimalizi shauri. Wako wapi mashahidi?

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, haihusu Sala wala Saumu. Yahusu deni: liandikwe vipi, aandike nani, washuhudie wangapi. Mtoto wa chuoni huihifadhi kwa taabu kwa urefu wake, na pengine haelewi mpaka awe mtu mzima mwenye duka. Bibi Khadija, mama wa Waumini, alikuwa mfanyabiashara. Na aliyemwajiri kumpelekea mali Sham alichaguliwa kwa kuwa mji mzima ulimwita Mwaminifu, kabla ya utume kumfikia. (Harvard, kwa njia, haikumpokea mwanamke katika masomo yake ya miaka miwili ya shahada ya biashara mpaka mwaka 1963. Tuwasamehe, walichelewa kusikia habari za Makka.)

Sasa niirudie hitima, na mazishi yanayoitangulia. Msomaji amehudhuria mazishi mengi kama mimi. Maiti ameshaoshwa na kukafiniwa, watu wamejaa. Imamu au mmoja wa jamaa husimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, awaone warithi. Hutangazwa hivyo kwa tajiri wa nyumba kumi na kwa mvuvi asiye na ngalawa, kwani tumefunzwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akiletewa maiti alikuwa akiuliza kwanza kama ana deni. Kisha watu huulizwa wamshuhudia vipi maiti huyo, na umati hujibu. Mara nyingi tunajibu wema kwa pamoja, kwa haya na kwa huruma. Lakini nimepata kuwa mahali ambapo jibu lilikuja dogo, la watu wachache wa mbele, na waliokuwa nyuma wakatazama viatu vyao. Wale wa nyuma ndio waliokuwa wakimjua.

Hiyo ni kamati ya tuzo kamili, ina shahidi na ina mdai. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hukutana mhusika akiwa hana tena la kurekebisha. Natamani swali lile litolewe makaburini liletwe ukumbini, mtu angali hai, ana suti yake na miwani yake, na ana nafasi ya kulipa.

Na ukumbi tunao hapahapa Mombasa. Miaka ya mwisho ya 1940 Waislamu wa Afrika Mashariki walipata taasisi yao ya elimu ya ufundi, MIOME, kwa michango ya Aga Khan, ya Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja, ya Mabohora, na ya serikali ya kikoloni. Wanafunzi waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 ikafunguliwa kwa kila Mkenya na kupewa jina jipya la chuo cha ufundi, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Biashara na uhasibu vyafundishwa humo. Wakati wote huo, kwa majina yote hayo, wamepita watu. Wako bandarini, wako benki, wako madukani, wako Ghuba. Ningependa chuo kile kiwaite wanafunzi wake wa biashara na kuwatuza, na kiwaite na watoto wa mitaani waje kutazama.

Najua nitakalojibiwa na baadhi ya masheikh zangu: hiyo ni riya, kutangaza mema ni kuyaharibu. Nawaheshimu, na hofu yao ina mashiko. Anayejitangaza mwenyewe ana khatari hiyo. Lakini hapa mtu hajitangazi. Anatajwa na wengine, kama tunavyomtaja maiti. Na tukinyamaza kwa kuogopa riya, kile kiti cha mbele harusini hakibaki wazi. Huja mwuza unga akakikalia, naye haogopi riya hata kidogo.

Atuzwe nani? Si lazima awe mwenye jumba. Niko radhi kumwona mwanamke aliyesoma uhasibu, akaenda Dubai na Guangzhou kununua nguo na vyombo kwa fedha alizokabidhiwa na wanawake wenzake 20 wasio na duka, na kila mmoja akapata mzigo wake na hesabu yake. Niko radhi kumwona karani wa chama cha ushirika cha wavuvi ambaye vitabu vyake havijapata kukataliwa na mkaguzi, naye bado apanda matatu. Akitokea na mwenye makampuni matano, karibu naye, maadamu atapimwa kwa ratili ileile. Wanasiasa wangoje nje. Wao wana majukwaa yao, na sukari ya Ramadhani waigawayo mbele ya wapiga picha ni tuzo waliyojipa wenyewe.

Kamati nayo isiwe ya maprofesa na wafadhili peke yao. Kwa kila jina litakalotajwa, waitwe watu wanne kutoka nje. Mmoja awe ni mtu aliyepata kumuuzia mali kwa mkopo. Wa pili awe mfanyakazi aliyeacha kazi kwake, kwani aliyeko kazini hatasema. Wa tatu awe mshindani wake wa duka la pili. Wa nne awe hamali.

Huyu wa mwisho msimtafute kwa barua. Atakayefika Marikiti kabla ya saa moja asubuhi atawakuta wako hapo, mikokoteni imeegeshwa, wangojea lori la viazi kutoka bara. Kila tajiri wa mji huu wamjua kwa jina, na wajua ni yupi hulipa siku ileile na ni yupi husema njoo kesho.